Mjadala: Mauzo ya Mario Kart ya vizazi tofauti yanalinganishika kweli?

Mleta mada
Wakuu, jumla ya nakala zilizouzwa haitoshi kutuambia ni toleo lipi la Mario Kart, gemu ya mbio za magari ya Nintendo, lilipendwa zaidi. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, Mario Kart 8 Deluxe ilikuwa na milioni 67.35. Mario Kart Wii ina milioni 37.38. Ukiishia hapo, ubishi umekwisha. Lakini ziliuzwa kwa wenye mashine ngapi? Gawanya nakala kwa idadi ya konsoli (mashine ya kuchezea gemu) zilizouzwa, zote kwa milioni, zidisha kwa 100:

Mario Kart 64 ya Nintendo 64: 9.87 kwa 32.93, asilimia 30.
Mario Kart Wii: 37.38 kwa 101.63, asilimia 37.
Mario Kart 8 ya Wii U: 8.46 kwa 13.56, asilimia 62.
Mario Kart 8 Deluxe ya Switch: 67.35 kwa 150.86, asilimia 45.

Mfalme ni Wii U, mashine iliyododa!

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, hesabu ni sahihi ila hukumu si sahihi. Asilimia huibeba konsoli iliyododa. Waliobaki na Wii U wengi wao ni wapenzi sugu wa Nintendo, na hao Mario Kart wangenunua tu. Konsoli ikishavuka milioni 100 inaingia kwa watu wanaotaka gemu moja au mbili basi. Halafu kuna mashine ya pili ndani ya nyumba ileile: mtu ana Switch ya kawaida, anaongeza Lite au OLED, matoleo mengine ya Switch. Kigawanyo kimepanda, mnunuzi wa gemu ni yuleyule. Kwa hiyo 45 ya Switch imeshushwa na 62 ya Wii U imepandishwa.

Mchangiaji wa pili
Wote wawili mmeruka jambo kubwa zaidi. Kabla ya Switch, Nintendo ilikuwa na njia mbili, konsoli ya sebuleni na ya mkononi, na kila moja ilipata Mario Kart yake. Switch imezimeza zote mbili. Ukitaka mizani ya haki, usiweke Deluxe mkabala na Wii peke yake. Chukua Mario Kart Wii 37.38, ongeza Mario Kart DS (ya DS, konsoli ya mkononi) 23.60: milioni 60.98. Sasa pengo na 67.35 ni dogo, si mara mbili kama inavyoimbwa.

Ila upande wa asilimia mambo yanageuka. Wii 101.63 na DS 154.02 ni konsoli milioni 255.65, na gemu hizo mbili kwa pamoja ni asilimia 24 tu. Hapo Deluxe inashinda kwa mbali, hata ukisamehe watu waliokuwa na mashine zote mbili.

Mchangiaji wa tatu
Nami naongeza swali la namba zenyewe: ni za nini? Takwimu za Nintendo ni za nakala zilizotolewa kwenda madukani, pamoja na za kupakua na zilizofungwa na konsoli. Wii Sports, gemu ya michezo ya Wii, ina milioni 82.90 kwa sababu nje ya Japani ilikuja ndani ya boksi la konsoli katika masoko mengi. Huwezi kuiita chaguo la mnunuzi. Deluxe nayo imeuzwa sana kwenye vifurushi vya msimu wa sikukuu. Kabla hujalinganisha, tenga kwanza gemu iliyokuja na boksi na ile mtu aliyoitolea pesa.

Mleta mada
Nakubali kuhusu DS, hapo nilipitiwa. Lakini ukitaka kuona jumla inavyodanganya, tazama GTA V, gemu ya kampuni ya Take-Two. Imetoka 2013 kwa PS3 na Xbox 360, 2014 kwa PS4 na Xbox One, 2015 kwa kompyuta, 2022 kwa PS5 na Xbox Series. Nakala zaidi ya milioni 200, vizazi vitatu vya konsoli, na Take-Two hutangaza jumla moja. Utagawanya kwa konsoli zipi? Hapo dawa ni dirisha la muda: chukua miezi 12 ya kwanza ya kila toleo, kwenye mashine zake za mwanzo tu.

Mchangiaji wa kwanza
Dirisha la miezi 12 litaiua Deluxe yako, maana nguvu yake ni kuuzika mwaka hadi mwaka tangu 2017. Na msijumlishe 8.46 ya Wii U na 67.35 mkasema wanunuzi milioni 75.81. Ni gemu ileile iliyoongezewa vitu, na wapo waliolipa mara mbili.