Tupeane uzoefu: siku uliyolazimika kumsemea mtoto wako shuleni

Mzazi wa Wawili
Ndugu wazazi na walezi, nimetoka kwenye kikao cha umoja wa wazazi na walimu nikiwa na uchungu. Tulijadili uzio, rangi ya kuta na mchango wa mahafali kwa muda mrefu, lakini suala la watoto wa darasa la tatu ambao bado hawajui kusoma lilikuwa limewekwa kwenye "mengineyo", na tulipolifikia nusu ya wazazi walikuwa wamekwisha kusimama. Naomba tupeane uzoefu: ni lini ulilazimika kumsemea mtoto wako, ulianzia wapi, na je, umoja wa wazazi ulikusaidia au ulikukwamisha?

Bibi Mlezi
Hata kwetu ni hivyo hivyo. Masomo huzikwa kwenye mengineyo.

Baba wa Kitinda Mimba
Kwetu tatizo lilikuwa saa. Vikao vyote viliitishwa wakati watu wako kazini, kwa hiyo walioamua mambo ya watoto wetu walikuwa wale wale kila muhula, kisha sisi wengine tukaitwa wazazi wasiojali. Tuliandika barua moja, tukaitia saini wengi, tukaomba vikao vipokezane kati ya asubuhi na jioni, na kamati ikakubali. Walezi ambao walimu hawakuwahi kuwaona walianza kuja.

Mama wa Darasa la Nne
Mada hii imenigusa mahali panapouma. Mwanangu alipokuwa darasa la pili, mwalimu wake alisoma majina ya wanafunzi wanaosuasua mbele ya wazazi wote, na jina la mwanangu likatangulia, likifuatiwa na maelezo kwamba ni mkaidi, haitiki akiitwa, na ingefaa akariri darasa. Nilinyamaza, kwa sababu nilijua nikifungua kinywa nitalia, na nikilia hakuna atakayeisikiliza hoja yangu.

Nyumbani niliyatandaza madaftari yake sakafuni, nikayapanga kwa tarehe, na ndipo nilipoona kwamba kazi zote alizonakili kutoka kitabuni au ubaoni zilikuwa safi na hesabu zake zilikuwa sahihi, ilhali imla na maswali ya kusomewa yalijaa maneno nusu nusu, na kurasa nyingine zilikuwa tupu kabisa. Kama tatizo lingekuwa akili au ukaidi, lingeonekana kila mahali, si kwenye yale tu yaliyopita masikioni. Nilimpeleka kupimwa, na ikathibitika kwamba usikivu wake ulikuwa umepungua katika masikio yote mawili.

Nilidhani cheti cha daktari kingemaliza mjadala. Badala yake niliambiwa ofisini kwamba shule haina uwezo, na kwamba nitafute mahali panapopokea "watoto wa aina hiyo", naye mwanangu amesimama kando yangu, macho yake yakihama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine akijaribu kufahamu tunachosema juu yake. Huo ndio wakati mgumu kuliko yote niliyoyapitia katika malezi.

Aliyenitoa hapo ni mjumbe wa kamati ya wazazi, mama ambaye mtoto wake hakuwa na tatizo lolote. Alinishauri niandike barua yenye maombi mahususi yasiyohitaji fedha: mtoto akae mbele, mwalimu aelekee darasa anapozungumza badala ya kuongea huku akiandika ubaoni, na maagizo muhimu yaandikwe. Alihakikisha suala limeingia katika ajenda ya kikao kilichofuata, akaketi nami, na akaomba jibu la shule liingizwe katika muhtasari. Mwanangu hakukariri darasa. Baadaye kamati iliomba wanafunzi wote wanaoanza wapimwe macho na masikio, na wakapatikana wengine ambao nao walikuwa wakiitwa wakaidi.

Mzazi wa Wawili
Mama, nimesoma mara mbili na machozi yamenitoka. Usiku huu nayapanga madaftari ya wanangu.

Mwalimu Mstaafu
Pole sana, Mama, na hongera kwa ushujaa wako. Hata hivyo, naomba niwasemee walimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuyaona yote ambayo mzazi huyaona akitulia na daftari moja, na wazazi wengi hufika shuleni siku ya ugomvi tu. Mzazi aanze kwa mwalimu wa darasa, faraghani, kabla ya kukimbilia kamati.

Mama wa Darasa la Nne
Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilianza huko huko, nikajibiwa kwamba namdekeza mtoto.

Baba wa Kitinda Mimba
Kwa heshima zote, Mwalimu, huo ushauri wa faragha ndio unaotumaliza. Malalamiko ya mdomo hayaachi alama, na mwaka unaofuata mwalimu akibadilika unaanza upya. Mimi nasema nenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, na barua mkononi.

Mwalimu Mstaafu
Barua ya kwanza ikiwa ya mashtaka, anayebaki darasani na mwalimu huyo ni mtoto, si wewe. Sijakataza maandishi, nasema yaanze kwa ombi. Kuhusu kusoma majina ya watoto hadharani, sina utetezi wowote. Ni kosa.

Bibi Mlezi
Mimi husema nendeni wawili. Mmoja azungumze, mwingine aandike. Hapo hata sauti hupungua ukali.

Msomaji wa Sheria
Pande zote mbili zikumbuke kwamba mzazi haombi hisani. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto, na ibara ya 12 inataka mtoto mwenyewe asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kwa jambo lililompata Mama, Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unazungumzia marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji ya mwanafunzi, na kumsogeza mtoto mbele ni mfano mwepesi kabisa wa marekebisho hayo.

Mpenda Historia
Inanisikitisha kuona umoja wa wazazi umegeuzwa kuwa mkono wa kukusanya michango. Huko Marekani, Alice McLellan Birney na Phoebe Apperson Hearst walipoanzisha mkutano wa akina mama mjini Washington mwaka 1897, ambao ndio uliozaa chama cha wazazi na walimu cha nchi hiyo, hoja yao ilikuwa ustawi wa watoto. Wazazi weusi walipobaki nje kwa sababu ya ubaguzi, Selena Sloan Butler aliongoza kuundwa kwa chama chao cha kitaifa katika miaka ya 1920, na vyama hivyo viwili viliungana mwaka 1970.

Baba wa Kitinda Mimba
Historia nzuri, lakini Mzazi wa Wawili ana watoto wasiojua kusoma sasa hivi.

Mpenda Historia
Nami namjibu yeye: kama kamati haimsikilizi, wazazi wa darasa moja wanaweza kukutana wenyewe kwanza.

Mwalimu Mstaafu
Na wamwalike mwalimu wa darasa, kwa sababu huenda naye anatafuta wa kumsaidia.

Mzazi wa Wawili
Nawashukuru nyote. Nitaanza na mwalimu wa darasa, kisha nitampelekea katibu barua kabla ajenda haijapangwa, nikiomba kusoma kuwe jambo la kwanza. Mama, kama barua yako bado unayo, naomba uiweke hapa bila majina, tuone ulivyoyapanga maombi.

Mama wa Darasa la Nne
Ninayo. Naiweka usiku huu.