Naomba ushauri: duka la mtandaoni linalojifanya kampuni halisi

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Juzi nilitaka kununua viatu katika tovuti iliyobeba nembo, picha na hata maelezo ya kampuni ninayoifahamu vizuri, na nilikuwa nimekwisha kutuma anwani yangu nilipogundua kwamba katika jina la tovuti herufi "l" ilikuwa imebadilishwa kuwa tarakimu "1", jambo ambalo kwenye kioo cha simu halionekani kirahisi. Alama ya kufuli ilikuwepo, nami (nakiri uzembe wangu) niliitegemea, kumbe huonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa (yaani yamefichwa ili wengine wasiyasome njiani), wala haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti. Nilipotazama kumbukumbu za usajili wa majina ya tovuti, nilikuta jina hilo lina wiki 3 tu, ilhali kampuni yenyewe ni ya miaka mingi.

Sikulipa, ila jina na namba yangu ya simu wanazo. Je, mnahakikije duka kabla ya kujaza chochote, hasa pale jina la tovuti linapokuwa halina kasoro ya wazi? Na taarifa niipeleke kwanza kwa kampuni iliyoigwa, au kwa msajili (kampuni ambako jina hilo la tovuti limesajiliwa) ili alifunge?

Natanguliza shukrani.