Mita 30, dakika 45, "nifuateni mimi"!! Huo ndo mpango wa kuzamia?

Wadau nimenyamaza siku tatu nikisubiri hasira zishuke, hazishuki, acha niseme.

Tumeshapanda boti, tumeshavaa, ndo mwongozaji anatutangazia leo tunashuka ukuta wa mwamba, mita 30, dakika 45, nifuateni mimi. Basi, maelezo yameisha hapo. Tuko sita, wawili wana cheti cha mwanzo kabisa ambacho mwisho wake ni mita 18, na vyeti vyao alivishika kwa mikono yake asubuhi ileile. Alivikagua vya nini sasa?

Na hizo dakika 45 hebu tupige hesabu. Mtungi wa lita 12 ukijazwa baa 200 (baa ni kipimo cha presha) una lita 2,400 za hewa, toa baa 50 za akiba, unabaki na lita 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, kule mita 30 presha ni mara nne kwa hiyo anakula lita 80 kila dakika. Gawanya mwenyewe, haifiki hata dakika 23, na hapo ni mtu katulia hapigani na maji, na bado hujahesabu ya kupandia. Halafu hata kama hewa ingetosha, ukikaa pale chini kama dakika 20 tu tayari unakaribia kudaiwa vituo vya lazima njiani, yaani kusimama wakati wa kupanda ili gesi itoke mwilini taratibu. Hesabu ya darasa la nne hii jamani, inataka kalamu na dakika mbili, hakuifanya!

Kibaya zaidi mwezi ulikuwa mpevu, bamvua hilo, maji yanatoka kwa kasi. Nikamuuliza maji yanasimama saa ngapi ili tushuke muda huo, akanijibu wewe ukiogopa baki botini. Mbele ya watu.

Dakika ya 14 mwenzangu ananionyesha geji, baa 60, kachoka kupiga mapezi, kashikilia matumbawe na yanakatika mkononi mwake, matumbawe ambayo mengine kwa mwaka mzima yanakua kama sentimita moja. Nagonga mtungi, mwongozaji yuko mbele hata hageuki. Nikaamua tunapanda, polepole, mita 9 kwa dakika, mita 5 tukasimama dakika 3 yeye anavutia regyuleta yangu ya akiba (kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi). Tunatokeza juu boti iko mbaaali, imetupa nanga (juu ya mwamba, na boya la kufungia lipo palepale!!) inasubiri watu warudi wenyewe. Kwenye mkondo boti inatakiwa ifuate mapovu, sio ilale. Tumeelea karibu nusu saa, hakuna aliyekuwa ametupatia hata boya la kujionyesha.

Unajua alituambia nini tulipookotwa? Tumewaharibia wenzetu. Mwenzangu bado anatetemeka.

Mzamo wa pili nilikataa, nikavua vifaa nikakaa. Hela wamekataa kurudisha, wanasema nimekataa kwa hiari yangu. Mnaozamia mara kwa mara naomba mniambie, ukikataa kushuka kwa sababu hakuna mpango, nyie mnarudishiwa au mnamezea? Maana mimi hii sijaiacha.