Mwenye kibanda cha gemu kanifutia faili langu la Primal, saa 19 zimekwenda, halafu ananidanganya

Wakuu, habari za jioni. Nilisubiri siku tatu hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Niko Tanga mjini, Ngamiani. Kibanda sikitaji, wala barabara yenyewe siitaji, kwa sababu bado nataka jamaa anilipe. Ana mashine tatu za PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony), tivii za kichogo na mabenchi mawili ya mbao. Biashara yake ni mpira, mechi shilingi 300. Mimi mpira wa kwenye tivii siuchezi. Nilikwenda na diski yangu mwenyewe, Primal, niliyoletewa na mjomba enzi zake za ubaharia, tukakubaliana shilingi 1,000 kwa saa, kila jioni nikitoka kazini, na nisevu kwenye memori yake, yaani ile kadi ndogo inayochomekwa kwenye mashine kuhifadhi ulipofikia. Nilimuuliza mara mbili kama faili langu litakuwa salama. Akanijibu, "Kaka, hii memori haiguswi na mtu."

Kwa wasioijua, Primal ilitoka mwaka 2003, kazi ya studio ya Sony ya Cambridge, Uingereza. Kuna binti anaitwa Jennifer Tate. Mchumba wake Lewis anachukuliwa na jitu la kishetani, yeye analazwa hospitali hajitambui, na roho yake inatolewa mwilini na kiumbe wa jiwe anayeitwa Scree. Wanaingia Oblivion, ulimwengu wenye nchi nne: Solum, Aquis, Aetha na Volca. Huko Jennifer anagundua kwamba ana damu ya kishetani, na kila nchi inampa umbo jipya. Solum, nchi ya giza na baridi isiyokwisha, anakuwa Ferai mwenye pembe, mwenye nguvu na mwepesi wa kuruka. Aquis anakuwa Undine na kupumua chini ya maji. Aetha anakuwa Wraith, anayeweza kuuchezea muda wenyewe. Volca, nchi ya volkano, anakuwa Djinn wa moto. Juu ya yote kuna Arella anayeshika utaratibu na Abaddon anayeshika vurugu, na mizani kati yao imepinda.

Uzuri wake ni kwamba maumbo hayo hayakuwekwa kwa pambo. Nguvu za kishetani zinapungua ukizitumia, na Scree ndiye anayenyonya nguvu za adui aliyeanguka na kumrudishia binti. Scree mwenyewe hapigani, lakini anapanda kuta za mawe kama mjusi, na anaweza kuingia ndani ya sanamu akaitembeza. Unahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mmoja akikwama, mwenzake anatafuta njia. Sijacheza gemu nyingine inayonifanya niwaonee huruma wahusika wake wawili namna hii.

Na sikuwa nacheza peke yangu. Wiki ya kwanza walikuja watoto wawili wa mtaani kuchungulia. Wiki ya tatu benchi lilikuwa limejaa. Maneno yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nawatafsiria papo hapo, Scree akisema jambo nami nalisema kwa Kiswahili kwa sauti ya kizee. Umeme ukikatika walibaki palepale gizani wakibishana Jennifer angeamua nini. Kuna dogo wa darasa la nne aliyekuwa ananisubiri kona kila jioni, ananipokea baiskeli na swali lilelile: "Kaka, leo anageuka nini?"

Tulifika Aetha, tukaimaliza. Ilibaki Volca tu. Jumanne nawaambia watoto kesho tunaingia nchi ya moto, binti atakuwa Djinn. Jumatano nawasha, nachagua kuendelea, hakuna kitu. Nikatoa diski, nikaingia kwenye memori yenyewe kuangalia. Faili halipo. Pale lilipokuwa kuna mafaili mawili mapya ya ligi ya mpira.

Namuuliza jamaa, anasema, "Itakuwa limejifuta." Wakuu, faili la PS2 halijifuti! Mwenye mashine hii anajua. Unatoa diski, unawasha mashine tupu, unaingia kwenye memori, unalichagua faili, unachagua kufuta, na mashine inakuuliza tena kama kweli unataka, ndiyo au hapana. Mtu alikaa pale akabonyeza ndiyo.

Nilipomweleza hayo akabadilisha kauli. Sasa ikawa ni bibi wa nyumba ya pili amelalamika kwamba tunaita majini kibandani, watoto wanatajiwa Djinn usiku, naye akaona bora afute kuepusha balaa. Hapo nilinyamaza. Huku kwetu neno jini halichezewi, kila mtu ana ndugu aliyewahi kupelekwa kupungwa, na kama mama mtu mzima kweli aliogopa, nilikuwa nimekosa mimi kwa kutokwenda kumweleza mapema.

Nikaenda kuomba radhi. Nikabisha hodi, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, karibu. Nikamweleza kilichonileta. Akanitazama kwa mshangao. Hajalalamika kwa mtu yeyote. Kumbe dirisha lake linaelekea kibandani, na jioni anapokaanga mihogo anasikia tafsiri yangu yote. Akaniuliza yule binti na mzee wake wa jiwe wamefika wapi, maana siku mbili zile alikuwa kwenye msiba hakusikia. Kisha akasema yeye amelelewa na hadithi za binti aliyeolewa na kijana mzuri, kumbe zimwi, usiku anavua sura yake. "Sasa hilo la kugeuka linitishe mimi leo?"

Ndilo lililoniumiza kuliko faili. Jamaa alimsingizia bibi wa watu, akatumia hofu ya majini ambayo anajua mtu wa Tanga ataiheshimu, ili asiseme ukweli kwamba memori ya MB 8 ilimjaa na wateja wake wa mpira walitaka nafasi ya ligi. Angeniambia tu! PS2 ina matundu mawili ya memori, na ana memori nyingine kwenye mashine ya ukutani. Kukopi faili kutoka moja kwenda nyingine ni kazi ya dakika chache. Au angenituma nikanunue yangu, ningenunua siku hiyohiyo.

Nilipomrudia na maneno ya bibi alisema nini? "Kaka, lakini ile si gemu, ni muvi tu, mpira ndio gemu." Shilingi 19,000 zangu alipozipokea ilikuwa gemu. Na diski yangu nimeikuta juu ya spika, uso chini, imechubuka.

Namdai pesa zangu zote, na namtaka amuombe radhi bibi kwa kumsingizia. Amekataa yote mawili. Kesho kutwa naenda kwa mwenyekiti wa mtaa, watoto wanne walishuhudia makubaliano yetu. Msinichekee kwamba ni kesi ya gemu. Fundi cherehani akikupotezea kitambaa ulichomkabidhi hutaambiwa ni nguo tu.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameniambia nitafute faili la mtu mwingine mtandaoni, nianzie Volca moja kwa moja. Nashukuru, lakini hapana. Wale watoto wamepita Solum na Aquis pamoja nami, na kuna wengine wapya wawili ambao hawajui hata Lewis ni nani. Tutaanza mwanzo, ila si kwa yule jamaa.

Diski nimeifuta kwa kitambaa laini na kuijaribu kwa rafiki, inasoma, inakwama kidogo tu Aquis kwenye kuogelea. Tivii ninayo nyumbani. Bibi amesema kibaraza chake kipo na soketi ipo, mihogo atakaanga yeye. Ninachotafuta ni PS2 iliyotumika, pedi moja nzima, na memori mbili, narudia, mbili. Mwenye nazo Tanga mjini, au hata Muheza, nitaifuata kwa baiskeli, aniandikie na bei yake.