Mche duara una nyuso mbili au tatu?

Swali
Habari zenu. Namsaidia mwanangu mazoezi ya maumbo, na tumekwama mahali ambapo sikutarajia. Kitabu kimoja kinasema mche duara (umbo kama kopo) una nyuso tatu, kingine kinasema una mbili tu, naye anataka nimwambie kipi kimekosea. Isitoshe, akihesabu kingo za mchemraba anapata 24, na nikimwambia ni 12 ananiuliza nyingine nimezipeleka wapi. Naombeni msaada.

Jibu la kwanza
Mwanao amehesabu kila ukingo mara mbili, basi. Mchemraba una nyuso 6 zenye pande 4 kila mmoja, na hapo ndipo inapotoka 24. Lakini ukingo ni mahali nyuso mbili zinapokutana, kwa hiyo kila ukingo umehesabiwa na uso wa huku, kisha ukahesabiwa tena na uso wa kule. Gawanya kwa 2. Kwa upande wa vipeo, yaani pembe za boksi, kila kimoja hukutanisha nyuso 3, hivyo 24 ile ile igawanye kwa 3 upate 8. Mpe boksi na kalamu, atie alama kwenye kila ukingo aliokwisha kuuhesabu.

Jibu la pili
Kuhusu mche duara, hakuna kitabu kilichokosea, ila havikubaliani juu ya maana ya neno “uso”. Wanaotaka uso uwe bapa wanahesabu miduara miwili peke yake, na wanaoukubali uso uliopinda wanaongeza wa tatu. Mimi husema “nyuso bapa 2 na uso mmoja uliopinda”, na ubishi unaishia hapo. Umbo la pia, yaani koni, nalo lina uso bapa 1, uliopinda 1, ukingo 1 na ncha, ingawa wapo wanaokataa kuiita ncha hiyo kipeo kwa kuwa hakuna kingo zinazokutana pale.

Muulizaji
Asanteni sana. Sasa nimejichokoza mwenyewe: ile kanuni ya Euler kwamba vipeo, toa kingo, jumlisha nyuso ni 2, inakubali kwenye mchemraba, maana 8 − 12 + 6 = 2. Kwenye mche duara napata 0 − 2 + 3 = 1. Nimekosea wapi?

Jibu la tatu
Hesabu yako ni sahihi. Kanuni hiyo, ambayo Leonhard Euler aliichapisha mwaka 1758, ilikusudiwa maumbo yenye nyuso bapa, na uso uliopinda wa mche duara ni bomba lililo wazi juu na chini. Chukua karatasi ya mstatili, ikunje iwe bomba, kisha utazame pale ncha zake mbili zinapogusana: pana mstari wa maungio unaoshuka kutoka duara la juu hadi la chini. Uhesabu mstari huo kuwa ukingo, na sehemu mbili unapogusa miduara ziwe vipeo. Sasa una vipeo 2, kingo 3 na nyuso 3, na 2 − 3 + 3 = 2. Ukilifungua bomba, urefu wa mstatili ni mzingo wa duara, 2πr (r ni nusu kipenyo), na kwa hiyo eneo la uso uliopinda ni 2πrh, h ikiwa kimo cha mche.

Muulizaji
Tumekunja, tumegundisha, na maungio tumeyaona. Sasa ameleta mpira, anazungusha karatasi ile ile, inakunjamana kila upande, na anauliza maungio ya tufe yako wapi.