Naomba ushauri: pedi za breki za Hiace inayoshuka Kitonga

Wakuu, habari za leo. Nina Hiace ya abiria, gia za mkono, inapiga Iringa–Morogoro. Wiki jana nikishuka mlima Kitonga nilisikia harufu ya kuungua, na pedali ikawa ngumu lakini gari halishiki. Nilirudisha gia ya pili nikatambaa hadi chini. Nilikuwa na abiria kumi na mmoja, moyo bado unanidunda.

Fundi amekagua mafuta ya breki, yako sawa. Anasema pedi nilizofunga, zile za bei nafuu zisizo na jina, gundi yake ikipata moto sana hutoa gesi, pedi zikapoteza mshiko. Uso wake kweli umekuwa laini na unang'aa kama kioo.

Sasa nimegawanyika. Zenye unga wa chuma nasikia zinahimili joto ila zinakula diski. Za seramiki ni kimya, lakini kwa mzigo na mteremko mrefu zinafaa? Waliozitumia wanieleze.

Pia nitajuaje pedi haina asbesto, yale madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu? Kijana wa gereji anapuliza vumbi la pedi kwa kompresa bila kujifunika pua, na roho inaniuma.