Rada ya ardhini imenidanganya kina cha bomba Bahi, naomba msaada wa setingi

Fundi_Upimaji_Dom
Wakuu, habari za kazi. Nina mwaka wa tatu na rada ya ardhini, antena ya megahezi 400. Wiki iliyopita nimeumia kweli. Tulikuwa Bahi, pembeni ya majaruba ya mpunga, tunatafuta bomba la maji kabla ya mtaro kuchimbwa. Upinde, ule mchoro wa bomba kwenye skrini, ulionekana, hafifu lakini upo, skrini ikasoma mita 1.2. Nikapiga rangi chini, nikamwambia dereva wa kijiko ashuke sentimita 90, vijana wamalizie kwa sururu. Hakufika huko, bomba likakatika. Nilishuka na tepu mwenyewe: sentimita 78. Asubuhi yake akina mama walikuja na ndoo, bomba halina maji.

Setingi ni zile nilizotoka nazo Mtumba kwenye kichanga chekundu: daielektriki (namba ya jinsi udongo unavyopunguza kasi ya wimbi) 9, dirisha (muda rada inasikiliza wimbi likirudi) nanosekunde 100, gaini (ukuzaji wa ishara) otomatiki. Kule picha ilikuwa safi. Huku, chini ya upinde ni mistari ya ulalo na chenga tupu. Nianze kurekebisha wapi?

Mzee wa Antena
Pole sana kijana wangu. Rada haipimi mita. Inapima nanosekunde za wimbi kwenda na kurudi. Mita inazipiga hesabu kwa namba uliyoiwekea. Kwa daielektriki 9 wimbi linakwenda sentimita 10 kwa nanosekunde. Basi mita 1.2 yako ilikuwa nanosekunde 24, kwenda peke yake 12. Gawanya 78 kwa 12 upate 6.5. Hiyo ndiyo kasi ya pale, na daielektriki yake ni kama 21. Mfinyanzi uliokunywa maji ndivyo ulivyo.

Ukifika saiti tafuta chemba ya valvu, funua mfuniko, pima kina kwa tepu, kisha pitisha rada juu ya bomba hilo karibu na chemba na ubadilishe namba mpaka skrini ikubaliane na tepu. Pasipo chemba, linganisha umbo la upinde kwenye programu ili upate kasi. Ila katisha bomba kwa pembe mraba. Ukikatisha kimshazari upinde unapanuka, kasi inatoka kubwa, na bomba linaonekana liko chini zaidi kuliko lilivyo.

Binti_Miamba
Kaka, dirisha la 100 kwa udongo huo ni kubwa mno. Weka 50, kwa kasi ya 6.5 bado unaona mita 1.6. Gaini otomatiki nayo, ishara ikishaisha inakuza kelele, ndiyo hizo chenga. Iweke kwa mkono, ipande taratibu na iishie pale ishara inapoishia.

Mistari ya ulalo mingi ni mwangwi wa antena yenyewe. Filta ya kuondoa usuli itaifuta, lakini usiitumie kwenye mstari uliotembea sambamba na bomba, italifuta na bomba, maana hapo nalo linaonekana kama mstari wa ulalo. Na antena iguse ardhi. Ikining'inia juu ya majani, nguvu nyingi inarudi kabla ya kuingia chini.

Mchimba_Mitaro
Udongo mweusi wa mbuga wenye chumvichumvi unameza wimbi, setingi yoyote uweke. Mimi nikiona upinde hafifu kwenye udongo mweusi, nachimba shimo la majaribio kwa mkono kabla kijiko hakijasogea.

Fundi_Upimaji_Dom
Asanteni sana. Nimerudi leo. Chemba nimeikuta imefukiwa, tumeifukua: tepu sentimita 84. Skrini imekubali nilipofika daielektriki 19, nadhani udongo umekauka kidogo. Dirisha 50, gaini kwa mkono. Upinde sasa una mikia yote miwili, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale. Mbele zaidi rada imesoma 81, tukachimba shimo kwa mkono, bomba tumelikuta kwenye 79. Kijiko nimekisimamisha mpaka mashimo matatu yaliyobaki yaishe.